Mama ananiuliza pesa aziweke wapi, na mimi nimepata 9 kati ya 20

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili, nasoma shahada ya biashara upande wa fedha, Dodoma. Muhula huu tuna kozi ya Misingi ya Mipango ya Uwekezaji na testi ya kwanza nimepata 9 kati ya 20. Darasani ni beta, mpaka wa ufanisi na thamani ya sasa. Nyumbani Singida mama ameuza kiwanja, ana milioni 8 mkononi, kila siku ananipigia: "Wewe ndiye unayesoma mambo ya pesa, niambie niziweke wapi." Kaka anasema tununue bodaboda, hayo ya chuo ni nadharia za Wazungu. Mama ana genge na ekari tatu za alizeti, nyumba inavuja, na mdogo wetu anamaliza kidato cha nne Novemba. Niisomeje hii kozi niielewe, na mama nimjibu nini? Na je, mimi mwenyewe naweza kuanza kununua hisa kwa bumu, hii pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza maswali matatu lakini mimi naona moja. Mama yako amekupa kazi ya nyumbani bora kuliko yoyote utakayopewa na chuo muhula huu, na ukiifanya sawasawa, testi ya pili haitakusumbua.

Kozi hii nimeifundisha madarasa ya jioni kwa miaka kadhaa, na kabla ya hapo nilikuwa nakaa dawatini kwa dalali wa soko la hisa Dar es Salaam, nikifungulia watu akaunti. Kosa ninaloliona kwa wanafunzi ndilo nililokuwa nikiliona kwa wateja. Mtu hajakaa hata kwenye kiti, ameshauliza: "Ninunue ipi?" Ukimuuliza pesa yenyewe ni ya nini, anakutazama kana kwamba unataka kumpeleleza. Sasa soma tena jina la kozi yako. Ni mipango ya uwekezaji, na mpango unaanza kwa mwenye pesa: pesa ni ya kazi gani, itahitajika lini, na ikipungua nani atalala njaa. Hisa (kipande cha umiliki wa kampuni), hatifungani (pesa unayoikopesha serikali au kampuni kwa riba), kiwanja, bodaboda, hivyo ni vyombo tu, na chombo huchaguliwa mwishoni. Nina hakika kwenye ile testi kulikuwa na swali lenye hadithi ya mtu, umri wake na watoto wake, nawe ukairuka hadithi ukakimbilia namba. Wengi hufanya hivyo. Alama zilikuwa kwenye hadithi.

Basi tuanze na hadithi ya mama yako.

Chukua karatasi, chora mstari mmoja mrefu. Upande wa kushoto andika "leo", kulia andika miaka kumi ijayo. Sasa weka juu yake kila kitu ulichonitajia. Paa: kabla ya mvua, yaani miezi michache tu. Mdogo wako: Novemba anamaliza, matokeo yakitoka mwakani atahitaji nauli, godoro, sanduku na michango. Ada ya kidato cha tano na sita shule za serikali ilifutwa mwaka 2022, lakini kama atakwenda chuo cha ufundi au cha kati, hesabu inabadilika, kwa hiyo andika zote mbili. Kisha kuna lisilo na tarehe: mama kuugua, genge kukosa mtaji, msiba. Halafu ule mwisho wa mstari, mama akiwa na umri ambao kuamka alfajiri kwenda kufuata nyanya kumeshakuwa kazi nzito.

Mstari huu ndio kozi nzima. Mwalimu wako anapoongelea "upeo wa muda" na "mahitaji ya ukwasi" (pesa kupatikana mkononi haraka inapohitajika), anauongelea huu. Milioni 8 ya mama ni mafungu manne yaliyofungwa kwenye kitambaa kimoja, na kila fungu lina tarehe yake. Kwa makadirio yangu ya mbali (wewe uyasahihishe ukishaongea naye), paa na mdogo wako vinaweza kula milioni 2.5, dharura milioni 1.5, inabaki milioni 4 ambayo kweli inaweza kuitwa ya kuwekeza. Milioni 4 hizo ndizo tutakazozijadili. Zile nyingine nne hazina haja ya faida kubwa, zinahitaji kuwepo siku zitakapoitwa. Benki inatosha, au mfuko wa pamoja kama Ukwasi wa UTT AMIS (kampuni ya serikali inayokusanya pesa za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja), ambako mtu anatoa pesa yake ndani ya siku chache za kazi.

Nasisitiza hili kwa sababu mimi mwenyewe lilinichoma. Nikiwa kijana, tena mfanyakazi wa soko, nilichukua pesa ya kodi ya nyumba, ya miezi sita, nikanunua hisa za kampuni moja iliyokuwa inasifiwa kila kona ya ofisi. Kampuni ilikuwa nzuri kweli. Mwenye nyumba alipokuja, nikaweka hisa sokoni niuze. Siku ya kwanza hakuna mnunuzi, wiki ya kwanza hakuna, wiki ya tatu akajitokeza mtu anataka robo ya nilizonazo, kwa bei ya chini. Nilikopa kwa shemeji. Yale maneno "hatari ya ukwasi" nilikuwa nimeyajibia mtihani na kupata A.

Sasa twende kwa kaka yako. Usimdharau. Bodaboda ni uwekezaji kamili na ndiyo mfano mzuri wa kuelewa thamani ya sasa, ambayo nadhani ndiyo iliyokuangusha. Tuseme pikipiki mpya na makaratasi yake ni milioni 3. Dereva analeta hesabu ya 8,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki 50: milioni 2.4 kwa mwaka. Toa bima, matairi, oili, mnyororo, na zile siku ambazo "bosi, leo ilikuwa mbaya". Mwaka wa kwanza zikibaki safi milioni 1.6 umefanya vizuri. Mwaka wa pili chombo kimechoka, tuseme milioni 1.3. Mwisho wa mwaka wa pili mnaiuza milioni 1.2. Namba hizi ni zangu za kufundishia. Za kwenu utaziuliza kijiweni, kwa watu wenye pikipiki tatu nne, wala usiwaulize wauzaji.

Kaka atajumlisha: 1.6 na 1.3 na 1.2 ni 4.1, toa 3, faida milioni 1.1, kwisha. Lakini shilingi ya mwaka kesho kutwa si shilingi ya leo, kwa sababu ya leo ingeweza kuwa kazini mahali pengine. Kama mahali pengine panatoa asilimia 12 kwa mwaka, basi milioni 1.6 ya mwisho wa mwaka wa kwanza unaigawa kwa 1.12, unapata kama milioni 1.43 ya leo. Mwaka wa pili mnapata 1.3 na 1.2, jumla 2.5, unaigawa kwa 1.12 mara mbili, inakuwa milioni 1.99. Jumlisha: milioni 3.42. Umetoa 3, kwa hiyo faida halisi kwa pesa ya leo ni kama laki nne na elfu ishirini. Bado inalipa, ingawa ile milioni 1.1 imeshakonda.

Sasa hapa ndipo panapotenganisha aliyekariri na aliyeelewa. Kwa nini 12? Asilimia 12 ni aina ya riba unayoweza kuipata kwa kuikopesha serikali ukiwa umelala kitandani. Bodaboda inaibiwa. Inagongwa. Dereva anahama mji. Je, mama anapaswa kuridhika na kiwango kilekile kwa kitu kinachoweza kutoweka usiku mmoja? Ukidai asilimia 25 kama malipo ya hatari hiyo, hesabu inageuka: 1.6 gawa kwa 1.25 ni 1.28, na 2.5 gawa kwa 1.25 mara mbili ni 1.6. Jumla milioni 2.88, pungufu ya 3. Bodaboda ileile, mapato yaleyale, imegeuka hasara ya laki moja na ishirini kwa sababu umebadilisha namba moja tu, kiwango cha punguzo. Kanuni inagawanya tu, lakini kuchagua hiyo 12 au 25 ni kazi ya akili yako na kumjua dereva. Mwanafunzi anayeandika sentensi mbili kueleza kwa nini amechagua 25 humpa mwalimu sababu ya kumpa alama hata kama amekosea kujumlisha.

Nikuambie na siri ya walimu: tunajua nani amesoma desa. Anajua kanuni, anaiandika vizuri, halafu anaacha jibu la thamani halisi ya sasa (NPV) linaning'inia: "NPV = 421,556." Basi. Sasa mama anunue au asinunue?

Turudi kwenye nadharia za Wazungu. Ule mpaka wa ufanisi, yaani mchoro wa michanganyiko ya mali inayotoa faida kubwa zaidi kwa kila kiasi cha hatari, unatokana na makala ya Harry Markowitz ya mwaka 1952, na kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1990. Darasani inafika ikiwa mchoro wenye mkunjo na herufi za Kigiriki, na wanafunzi wanaondoka wakiamini wamefundishwa "usiweke mayai yote kwenye kapu moja". Hilo bibi yako alilijua kabla Markowitz hajazaliwa. Markowitz aliongeza jambo jingine, na mama yako analiishi kila mwaka bila kulipa jina.

Tazama mali zake. Ana genge, ana alizeti, na kaka anataka kuongeza bodaboda. Kwa macho ni vitu vitatu tofauti, kwa hiyo mtu atasema mama ametawanya hatari. Sasa fikiria mwaka ambao mvua ya Singida imekata mapema. Alizeti inatoka kidogo. Majirani nao alizeti yao imetoka kidogo, kwa hiyo hawana pesa ya genge, wanakuja na daftari la mkopo. Wasio na pesa ya nyanya hawapandi bodaboda, wanatembea, na dereva analeta hesabu nusu. Mayai yako kwenye makapu matatu, lakini makapu yote yamening'inia kwenye msumari mmoja, nao ni mvua. Markowitz alionyesha kwa hesabu kwamba kuhesabu makapu hakutoshi, bali uangalie kama yanaanguka pamoja. Ile namba ya uhusiano (correlation) inayokuchanganya, ya kati ya hasi moja na chanya moja, inapima hilo tu. Genge na alizeti za mama zinaikaribia chanya moja. Riba ya hatifungani ya serikali haijui kama Singida imenyesha au haijanyesha. Kwa mtu mwingine, mfanyakazi wa benki Dar es Salaam kwa mfano, bodaboda ya Singida ingeweza kuwa mtawanyo mzuri. Kwa mama yako ni msumari uleule. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya bodaboda, na huwezi kuiona ukiitazama bodaboda peke yake.

Ukishalielewa hili, chora ule mkunjo wako upya, weka "genge na alizeti" upande mmoja na "hatifungani" upande mwingine. Utashangaa jinsi unavyokaa kichwani.

Na kwa kuwa kaka anapenda kuwasema Wazungu, mpe na hii: Markowitz mwenyewe alikiri kwamba pesa yake ya uzeeni, alipokuwa kijana kazini, hakuipigia hesabu za mkunjo wake. Aliigawa nusu kwa nusu, hisa na hatifungani, asije akajuta sana upande wowote. Mimi namheshimu zaidi kwa hilo.

Kuhusu hatifungani, niende taratibu kidogo kwa sababu mama atakuuliza. Serikali inakopa kwa wananchi kupitia minada ya Benki Kuu, hatifungani za miaka 2 hadi 25, kuanzia shilingi milioni 1. Unapitia benki au dalali, unafunguliwa akaunti, riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Kwa milioni 4 na kuponi (riba ya hatifungani kwa mwaka) ya asilimia 12, mama anapata 240,000 kila miezi sita. Mwambie hivyo hivyo, kwa shilingi. Asilimia zinamchosha mtu bure.

Lakini usiishie hapo, maana watu wengi wanaishia hapo. Tuseme ni ya miaka 20 na bei za vitu zinapanda asilimia 4 kwa mwaka. Siku anarudishiwa milioni 4 yake, itanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa kama milioni 1.8. Mama akila riba yote kila miezi sita, atakuwa anakula mtaji bila kujua, polepole, kama panya kwenye gunia. Inabidi theluthi hivi ya kila riba irudi kazini, kwenye mfuko wa pamoja au ikusanywe hadi ifike milioni ya kununua hatifungani nyingine. Hiyo ndiyo riba juu ya riba, nayo haifanyi kazi kwa mtu anayeitoa yote kila inapoingia. Kwa haraka ya kichwa, gawa 72 kwa kiwango cha riba utapata miaka ya pesa kuongezeka mara mbili: kwa 12 ni miaka 6, kwa 4 ni 18. Kanuni hii itakusaidia hata kwenye daladala.

Jambo la pili: miaka 20 haina maana amefungwa gerezani miaka 20. Hatifungani huuzwa sokoni kabla ya muda wake, ila kwa bei ya siku hiyo. Hapa tuna mfano wa kwetu wenyewe, hauhitaji kitabu cha New York. Mwaka 2022 Benki Kuu ilishusha kuponi ya hatifungani mpya za miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Aliyekuwa ameshanunua ile ya 15.95 alijikuta ameshika dhahabu: piga thamani ya sasa ya kuponi zake na ya mtaji wake utakaorudishwa mwishoni, kwa kiwango cha 12.56, utaona kila shilingi 100 inastahili karibu 125. Hakufanya lolote, amekaa kwake tu. Na mlango huohuo hufunguka upande wa pili, viwango vikipanda, ya zamani inashuka bei. Swali la "kwa nini bei ya hatifungani inakwenda kinyume na riba" halikosi kwenye mtihani. Lijibu kwa mfano huu, na uoneshe hesabu.

Hisa nazo? Kidogo, kwa ile sehemu ya mbali kabisa ya mstari, na kwa macho yaliyofunguka. Soko la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998 likiwa na kampuni moja, TOL, na hadi leo kampuni zake hazijafika hata 50. Angalia hisa za CRDB. Mwaka 2009 ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 150. Miaka kumi baadaye, mwishoni mwa 2019, zilikuwa chini ya bei hiyohiyo. Kufikia mwisho wa 2024 zilikuwa zimevuka 500. Ni hisa ileile. Aliyeuza 2019 kwa sababu mtoto anadaiwa ada alijifunza kwamba hisa ni wizi, na aliyekuwa na uwezo wa kungoja anasimulia vingine kabisa. Tofauti yao ni ule mstari niliokuchorea.

Na beta, kwa kuwa umeitaja. Ukiipata ya kampuni ya soko letu kutoka kwenye intaneti, itazame kwa jicho la shaka. Beta inapima hisa inavyoyumba soko likiyumba. Hisa nyingi zetu zinakaa siku nyingi bila mtu kuuza wala kununua, bei inabaki palepale, hesabu inasema "tulivu sana, hatari ndogo". Sivyo. Imenyamaza kwa sababu hakuna anayeongea nayo, na siku utakayotaka kutoka ndipo utakapojua. Mwalimu akiuliza mapungufu ya nadharia katika masoko machanga, hili liwe jibu lako la kwanza, na uongeze gharama: kununua na kuuza hisa kwetu kunakula zaidi ya asilimia 2 kila upande, kitu ambacho vitabu vingi vinakipuuza.

Hapo unaona ninavyotaka usome: kila nadharia uipitishe kwenye mali ya mama. Namba uzipige kwa mkono kwanza, na kikokotoo cha kawaida, ukichora mstari wa muda kila mara. Excel ije baadaye. Mtafute mwenzako mmoja mwenye familia tofauti na yako, mtoto wa mtumishi wa serikali kwa mfano, umuandikie mpango wa wazazi wake naye akuandikie wa mama yako. Mtumishi tayari ana mchango wa uzeeni PSSSF na mshahara usiojua mvua, kwa hiyo mpango wake utatoka tofauti kabisa hata kwa milioni 8 ileile. Mkikaa kubishana kwa nini ni tofauti, mmesoma sura tatu. Kama chuo chenu kinashiriki yale mashindano ya uwekezaji ya soko la hisa kwa wanafunzi, yanayochezwa kwa mtaji wa kufikirika, ingia. Ukipoteza huko hakuna shemeji wa kukopa.

Bumu ule. Nasema kwa upendo. Elfu kumi kwa siku ni chakula na malazi, si mtaji, na mwanafunzi anayelala njaa ili anunue hisa za elfu hamsini anapoteza kwenye ada ya dalali na kwenye mtihani kwa pamoja. Kama kuna kinachobaki kweli, weka kidogo kidogo kwenye mfuko wa pamoja ili ujue tabia yake. Na kabla hujapiga hesabu ya mshahara wa kwanza, kumbuka Bodi ya Mikopo itachukua asilimia 15. Usikimbilie kuulipa mkopo wote mapema kwa akiba yako ya kwanza, ingawa watu watakusifia. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa ikiongezwa kwenye deni, ilifutwa mwaka 2021, hivyo hutapata tena maishani deni la bei rahisi kama hilo. Deni la kulikimbia kwa miguu yote ni la kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa.

Jambo la mwisho kuhusu mama. Mtu mwenye milioni 8 zinazojulikana mtaani atatembelewa. Atakuja mtu mwenye suti au mwenye Biblia, atasema kuna mradi unatoa asilimia 30 kwa mwezi, uhakika. Mwaka 2009 nchi nzima iliona upatu wa DECI, watu "walipanda" ili "wavune", mpaka serikali ilipoifunga, na wengi walikuwa watu makini tu, walimu na wauguzi. Mfundishe mama hesabu moja. Asilimia 30 kwa mwezi, ikiachwa ijizae mwaka mzima, inageuza milioni 8 kuwa zaidi ya milioni 180. Amuulize huyo mgeni: wewe mwenye mradi wa namna hiyo, umefuata nini kwenye genge langu? Akibisha, muulizeni leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Na wewe pia, siku wenzako chuoni watakapoanza kukuita mtaalamu na kutaka uwashikie pesa zao uwawekezee, kumbuka kazi hiyo inahitaji leseni hiyohiyo. Kumshauri mama mezani ni jambo moja, kukusanya pesa za watu kwenye grupu la WhatsApp ni jingine.

Basi leo usimpigie mama kumpa jibu. Mpigie umuulize. Fundi wa paa amesema shilingi ngapi, na kwa mabati ya geji gani? Mdogo wetu anataka kwenda wapi akimaliza? Ukiumwa mwezi mzima, mama, genge nani anashika? Yeye ataongea, wewe andika kwenye ule mstari. Hesabu ya bodaboda irudie kwa namba za kijiweni kwenu, halafu mwoneshe kaka yako kwanza kabla haijafika kwa mama, maana inawezekana anamjua dereva ambaye mimi simjui, na hiyo 25 ikashuka.

Msalimie mama. Mwambie shikamoo yake ipo.